Jinsi ya kuupima uwanja mpya wa katikati ya jiji ukiwa kwenye kiti chako

Uwanja mpya hausemwi vibaya wiki ya kwanza. Rangi bado inanukia, skrini ni kubwa kama ghorofa, na kila mtu amegeukia simu yake huku nyasi ziko mgongoni. Ukimuuliza shabiki siku hiyo atakwambia uwanja ni mzuri, na maoni yake yataishia hapo. Manung'uniko huanza mechi ya tano au ya sita: bendera ya kona ya karibu haionekani, mvua inafika safu ya 12, foleni ya choo imemkosesha mtu bao la dakika ya 47. Hakuna hata moja kati ya hayo lililozaliwa mechi ya tano. Yalikuwepo siku ya ufunguzi, ila hakuna aliyeyatafuta.

Haya yafuatayo ni kwa shabiki anayetaka kujua kama kiti alichopewa kinafaa kukatiwa tiketi ya msimu mzima, na anayetaka maoni yake yamsaidie mwenzake. Unahitaji futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani (futi ya chuma inaweza kuzuiwa getini), simu iliyojaa chaji yenye saa ya kuhesabu sekunde na programu ya pima maji, na kikaratasi cha kuandikia. Kikaratasi kina sababu yake: uwanja ukijaa mtandao wa simu huwa mzito, na chaji unayoimaliza kwa vipimo ndiyo hiyo hiyo yenye tiketi yako ya treni.

Tenganisha zege na watu

Kabla hujapima chochote, gawa mambo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zege: mteremko wa jukwaa, umbali wa kiti na mstari, nguzo, reli, ukingo wa paa. Hayo hayatabadilika miaka 30 ijayo, na unaweza kuyapima siku ya kwanza hata uwanja ukiwa nusu tupu. Fungu la pili ni watu: kasi ya geti, foleni, spika, walinzi wasiojua jukwaa namba fulani liko wapi. Hayo hubadilika, na siku ya ufunguzi yanadanganya.

Yanadanganya kwa sababu uwanja mkubwa haufunguliwi kwa mkupuo. Tottenham Hotspur walipohamia uwanja wao mpya London walianza na mechi ya vijana wa chini ya miaka 18 tarehe 24 Machi 2019, wakafuatisha mechi ya wachezaji wa zamani tarehe 30 Machi, na ndipo Crystal Palace wakaja kwa mechi ya ligi tarehe 3 Aprili. Everton kule Liverpool waliingiza watu 10,000 Februari 2025 kwa mechi ya vijana, kisha 25,000 mwezi Machi, katika uwanja unaochukua zaidi ya 50,000. Aliyehudhuria mechi ya watu 10,000 akasema hakuna foleni, hajasema uongo, ila maneno yake hayamsaidii mtu yeyote. Lakini huyo huyo akisema kutoka safu ya 9 haoni mstari wa pembeni, mwamini. Mstari hausogei kwa wingi wa watu.

Kwa hiyo zege lipime mara ya kwanza unapoingia. Mambo ya watu yapime mechi ya tatu na kuendelea, tena ile iliyojaa.

Hesabu ya kichwa cha aliye mbele yako

Wasanifu wa viwanja wana kipimo kimoja kinachoamua karibu kila kitu: mstari wa jicho lako kwenda kwenye mstari wa karibu wa uwanja unapita juu ya macho ya mtu wa safu ya mbele kwa milimita ngapi? Milimita 60 ni kiwango cha chini, na hapo utachungulia katikati ya vichwa. Kwenye 90 unakaa ukatazama. Kwenye 120 unakaa kwa raha hata aliye mbele akivaa kofia ya kawaida. Chini ya 60 umenunua kisogo cha mtu.

Unaweza kuipata namba hiyo mwenyewe. Unahitaji vitu vinne, vyote kwa mita:

Umbali, yaani kutoka macho ya mtu wa safu ya mbele yako hadi mstari wa uwanja ulio karibu.
Urefu, yaani macho yake yako juu ya nyasi kwa kiasi gani.
Kimo cha kidato kati ya safu yake na yako.
Upana wa kidato, yaani kutoka mgongo wa kiti chake hadi mgongo wa kiti chako.

Zidisha umbali kwa kimo. Zidisha urefu kwa upana. Toa la pili kutoka la kwanza, kisha gawanya kwa umbali uliojumlishwa na upana. Jibu ni mita. Zidisha kwa 1,000 upate milimita.

Kimo na upana vipime kwa futi. Angalizo moja hapa huwapoteza wengi: ngazi za kupandia kati ya majukwaa mara nyingi zina vidato viwili kwa kila safu moja ya viti. Ukipima kidato kimoja cha ngazi ukakiita kimo cha safu, utapata nusu ya ukweli. Pima pale viti vilipo, sakafu ya safu yako hadi sakafu ya safu ya mbele.

Umbali huwezi kuupima kwa futi, lakini uwanja wenyewe una rula. Boksi dogo la kipa linaishia mita 5.5 kutoka mstari wa goli, nukta ya penalti iko mita 11, boksi kubwa linaishia 16.5. Simama safu ya kwanza, linganisha kwa macho nafasi iliyo kati yako na mstari na moja ya urefu huo, kisha ongeza upana wa kidato kwa kila safu hadi kwa mtu wa mbele yako. Urefu ni hivyo hivyo: sakafu ya safu ya kwanza iko juu ya nyasi kiasi gani, ongeza vimo vya safu, ongeza mita 1.2 ambayo ndiyo macho ya mtu mzima aliyekaa. Hutapata jibu la mhandisi. Utapata jibu la kukutosha.

Tuseme mtu wa mbele yako macho yake yako mita 20 kutoka kwenye mstari na mita 6 juu ya nyasi, kimo ni 0.40 na upana ni 0.80. Ishirini mara 0.40 ni 8. Sita mara 0.80 ni 4.8. Tofauti ni 3.2, gawanya kwa 20.8, unapata 0.154. Milimita 154, kiti cha kifalme.

Sasa shuka chini. Umbali mita 8, urefu 1.8, kimo 0.25, upana 0.80. Nane mara 0.25 ni 2, 1.8 mara 0.80 ni 1.44, tofauti ni 0.56, gawanya kwa 8.8. Milimita 64. Unavuka kiwango cha chini kwa unywele.

Na hapa ndipo viwanja vya katikati ya jiji vinapoumbuka. Kiwanja ni kidogo, barabara iko nyuma ya ukuta, basi majukwaa husukumwa mbele na klabu hujisifu kwamba mashabiki wako karibu na nyasi kuliko popote. Chukua jukwaa hilo la pili ulisogeze mbele mita 2 tu bila kubadilisha kitu kingine: umbali unakuwa 6, sita mara 0.25 ni 1.5, toa 1.44, unabaki na 0.06, gawanya kwa 6.8. Milimita 9. Kiti kimetoka kwenye kuvumilika hadi kutofaa kwa sababu ya hatua mbili za mtu mzima. Ukaribu na nyasi una gharama, na unalipwa ama kwa kuinua safu ya kwanza ama kwa kuongeza kimo cha vidato. Uwanja ambao hausemi umelipa vipi, uutilie shaka.

Vidato vikiongezwa kimo jukwaa linakuwa kali. Kidato cha sentimita 54 chenye upana wa 80 kinakupa mteremko wa karibu digrii 34, ambao ndio unaonadiwa kwenye majukwaa ya nyuma ya goli ya viwanja vipya kadhaa, likiwemo jukwaa la kusini la Tottenham lenye nafasi za watu 17,500 na lile la TQL Stadium ya Cincinnati, Marekani. Macho yanafurahi, magoti hayafurahi. Weka simu yako yenye pima maji kwenye reli ya ngazi inayofuata mteremko usome digrii. Ukiwa na mzee au mtu mwenye kizunguzungu, chochote kinachozidi 30 mpeleke kwanza akajaribu kushuka, siyo kupanda. Kupanda kila mtu anaweza. Ni wakati wa kushuka ndipo mtu hushika reli kwa mikono miwili.

Mambo yanayoziba ambayo ramani ya viti haionyeshi

Ubao wa matangazo ndio mkosaji mkuu. Macho yako yakiwa mita 1.8 juu ya nyasi na mita 8 kutoka kwenye mstari, ubao wa sentimita 90 uliowekwa mita 5 kutoka kwenye mstari haukusumbui: pale ubao ulipo, mstari wa jicho lako uko juu ya sentimita 110. Ubao huo huo ukisogezwa mita 3 kutoka kwenye mstari, jicho lako linapita pale kwa sentimita 67, na mstari wa pembeni umekwenda na maji. Klabu zinaweza kuusogeza ubao kati ya mechi na mechi, kwa hiyo huu ni mmoja wa vizuizi vichache vya safu za mbele ambavyo malalamiko yanaweza kuviondoa.

Kizuizi cha pili ni reli. Safu mbili tatu za kwanza za jukwaa la juu zina kizuizi cha kuzuia mtu asianguke, na kinachokuwa mwisho wa ngazi huwa kirefu kuliko kilicho mbele ya viti. Matokeo yake kiti cha 1 hadi cha 3 kando ya ngazi hukatwa na bomba hasa kwenye kona ya karibu, wakati kiti cha 8 cha safu hiyo hiyo hakina tatizo. Kioo badala ya bomba ni afadhali mchana. Usiku taa hujirudisha juu yake, na mvua ikinyesha hubaki na matone.

Halafu kuna benchi la ufundi. Vibanda vya akiba vikiwa na paa, viti vya katikati ya uwanja vya safu za chini, ambavyo kwenye ramani vina rangi ya bei ya juu, ndivyo vinavyozibwa. Kaa, tazama mstari wa pembeni kuanzia kona hadi kona bila kuinua makalio, na uhesabu ni hatua ngapi za mstari huo hupati. Ukikosa zaidi ya urefu wa boksi kubwa, hama.

Jukwaa la kusimama lina hesabu yake. Kama safu za mbele yako zinasimama dakika 90, hesabu ya aliyekaa haifanyi kazi tena, na mtoto au mtu mfupi hata milimita 120 hazimwokoi. Usinunue kiti safu chache nyuma ya mpaka wa eneo la kusimama, wala pembeni yake ambapo watu hugeuka kuwatazama wanaoimba. Vivyo hivyo nafasi za viti vya magurudumu: zinapaswa kuinuliwa vya kutosha ili aliyekaa aone juu ya watu waliosimama mbele. Jaribio ni rahisi, mwombe mtu asimame safu ya mbele na wewe uchuchumae kwa kimo cha kiti. Kama goli linapotea, jukwaa hilo halikujengwa kwa kuwafikiria, hata liwe na lifti nzuri kiasi gani.

Paja, goti na mpita njia

Kaa hadi mgongo ugote. Pima kutoka goti hadi mgongo wa kiti cha mbele. Chini ya sentimita 5, kila mpita njia atakusimamisha, na katika safu ya viti 24 watakuwepo wengi. Kwa mtu anayependa kutulia, viti vya katikati ya safu ni bora. Anayejua kibofu chake achukue vya kando akubali kusimama. Pima pia upana wa kiti, ukizingatia kwamba tofauti ya sentimita 46 na 50 huisikii peke yako, unaisikia watu wamevaa makoti.

Paa na mvua

Paa kufunika kiti chako kwenye mchoro maana yake mvua inayonyesha wima haikufikii. Mvua yenye upepo haina habari na mchoro. Tafuta ukingo wa paa juu yako, kadiria urefu wake kutoka kwenye kiti. Mvua ikija na mwelekeo wa digrii 30 kutoka wima, kila mita 10 za urefu huingia karibu mita 6 ndani, sawa na safu 7 za upana wa sentimita 80. Paa lililo mita 20 juu linaweza kukunyima safu 14 nzima, ndiyo maana paa la juu na la kifahari mara nyingi linalowesha kuliko la chini. Baada ya mvua ya kwanza nenda ukaangalie viti: vilivyo na madoa ya vumbi lililokauka ndivyo vinavyolowa.

Jua nalo lisisahauliwe. Tazama kivuli cha paa saa ya mechi ulizozoea, siyo saa uliyofika kuchagua kiti. Jukwaa linalotazama magharibi hupigwa na jua la jioni usoni, na kwa kipindi kizima cha pili utakuwa umeweka kiganja kwenye paji la uso. Kivuli hicho hicho ndicho adui wa nyasi: majukwaa marefu yaliyobanana hunyima upande mmoja mwanga na upepo, ndiyo sababu viwanja vya namna hii huviringisha taa za kukuzia nyasi kati ya mechi. Ukitaka kujua kama mtunza uwanja anashinda au anashindwa, usiangalie katikati. Angalia mdomo wa goli lililo kivulini, na uone vipande vya nyasi vinavyong'oka mtu akiteleza ni vikubwa kama kiganja au ni vijani tu.

Sauti

Watu husema uwanja "una kelele" au "umekufa" kana kwamba ni bahati. Paa la bati lililo karibu na lililoinamia nyasi hurudisha nyimbo ndani. Kona zilizo wazi huzitoa nje, barabarani. Kabla watu hawajajaa piga kofi moja kali, usikilize. Ukisikia mlio mmoja uliotandaa ni vizuri. Ukisikia kofi la pili lililo peke yake, hapo spika zitakuwa na shida, kwa sababu sauti inayorudi ikichelewa zaidi ya sehemu 50 za elfu za sekunde sikio huihesabu kama mwangwi, na mwangwi hula konsonanti za mtangazaji. Utasikia "…adi…ko…oa…" wakati wanatangaza mabadiliko. Mafundi wanaweza kurekebisha mengi kwa kuchelewesha na kuelekeza spika upya, kwa hiyo lalamika mapema, taja jukwaa na safu.

Kuna lawama moja isiyo ya haki: kwamba upande wa pili "hawajui kupiga makofi". Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Kutoka jukwaa la nyuma ya goli moja hadi la pili ni kama mita 140, yaani inachelewa sekunde 0.4. Makofi ya kasi ya mawili kwa sekunde yana nafasi ya sekunde 0.5 kati ya kofi na kofi, hivyo wenzenu wanawasikia karibu kofi zima nyuma. Hawawezi kwenda sawa kwa kusikiliza. Wakitaka kwenda sawa wamtazame mkono wa mpiga ngoma, wasimsikilize. Na ngoma ikae katikati ya jukwaa, si kwenye kona.

Getini na korido

Geti moja la kukagua tiketi, kwa mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza, huhesabiwa kupitisha watu wasiozidi 660 kwa saa, yaani 11 kwa dakika. Simama pembeni dakika 3 uhesabu lako. Likipitisha 6 au 7 kwa dakika tatizo mara nyingi si mashine: ni simu zenye mwanga mdogo wa skrini, watu wanaotafuta tiketi wakiwa wameshafika mbele, au ukaguzi wa mifuko uliowekwa mita 2 kabla ya geti badala ya mbali zaidi. Uwanja wa watu 20,000 wenye mageti 24 yanayoenda vizuri hupitisha 5,280 tu kwa dakika 20. Kama umezoea kufika dakika 20 kabla ya mpira kuanza, umeona unashindana na nani. Pakua tiketi kwenye simu ukiwa bado nyumbani au kwenye treni. Wenye tiketi zinazofunguka kwa mtandao peke yake hukwama pale pale getini.

Choo kina hesabu chungu. Mapumziko ni dakika 15. Tuseme korido yako ina nafasi 20 za wanaume kusimama, kila mmoja sekunde 45: watu 400 wanahudumiwa. Upande wa wanawake kuna vyumba 12, kila mmoja sekunde 90: ni watu 120. Hakuna nidhamu ya foleni inayoweza kuziba tofauti hiyo, ni zege. Hesabu vyumba siku ya kwanza, uangalie kuna majukwaa mangapi yanayomwaga watu kwenye korido hiyo. Kilele huwa dakika chache za kwanza baada ya filimbi. Dakika ya 38 hadi 40 au kipindi cha pili kikiwa kimetulia ndizo za mwenye busara, ingawa kila shabiki anajua kwamba bao husubiri uondoke.

Kutoka, na safari ya kurudi

Katikati ya jiji uwanja hupimwa zaidi unavyokutoa kuliko unavyokuingiza. Kiwango kinachotumika Uingereza ni kwamba katika hali ya kawaida jukwaa limwage watu wake ndani ya dakika 8, na ngazi huhesabiwa kwa watu 66 kwa kila mita ya upana kwa dakika, sakafu tambarare 82. Ngazi yenye upana wa mita 1.2 basi hupitisha kama watu 79 kwa dakika, au takriban 630 kwa dakika 8. Hesabu viti vinavyotegemea ngazi yako. Vikiwa 900, ujue utasubiri.

Anza kuhesabu sekunde ukisimama, simamisha ukikanyaga barabara. Angalia umekwama wapi: kwenye mlango wa kutokea jukwaani, pale korido mbili zinapokutana, au nje ambapo barabara haijafungwa na watu wanasubiri magari. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Ngazi nzuri inayomwaga watu kwenye njia ya miguu ya mita 3 ni chupa yenye shingo nyembamba.

Chunguza pia uwanja umekaaje kwenye ardhi. Ule wa St. Louis, Marekani, uliochezewa ligi kuu ya huko kwa mara ya kwanza Machi 2023, nyasi zake ziko karibu mita 12 chini ya barabara, hivyo kwa nje jengo halitishi na ukiingia unashuka kwenda kwenye kiti. Raha. Ila maana yake ni kwamba wa safu za chini baada ya filimbi wanapanda, na kupanda ni polepole kuliko kushuka. Shabiki mwenye goti bovu katika uwanja uliozamishwa achukue kiti cha juu kilicho sawa na mlango, kinyume kabisa na anachokizoea.

Treni nazo zina kikomo. Treni ya watu 800 inayopita kila dakika 5 huondoa 9,600 kwa saa. Kama mashabiki 12,000 wanaitegemea, wa mwisho ataondoka baada ya saa 1 na dakika 15. Njia mbili za kukwepa: baki ndani au karibu dakika 30, au tembea hadi kituo kinachotangulia, kule treni inakotokea kabla haijafika kituo cha uwanja, upande ukiwa tupu. Kutembea kwenda kituo kinachofuata, kama wafanyavyo wengi, ni kwenda kusubiri treni ambayo imeshajaa.

Kuandika maoni yanayofanyiwa kazi

"Foleni mbaya, viti vibaya, sauti mbovu" haiendi popote. Linganisha na hii: "Jukwaa la mashariki, sehemu ya 114, safu ya 4, kiti cha 2. Mechi ya tatu, uwanja umejaa. Reli ya ngazi inaziba bendera ya kona ya kaskazini kwa mtu aliyekaa. Kiti cha 7 hakina tatizo. Kutoka kitini hadi barabarani dakika 19, kati ya hizo 11 tumesimama kwenye mlango wa korido ya chini kwa sababu nusu ya mlango ilikuwa imefungwa." Mlango huo unaweza kufunguliwa mechi ijayo. Reli haitaondolewa, lakini ofisi ya tiketi ina sababu ya kukuhamisha, na mwenzako anayesoma ana sababu ya kutonunua kiti hicho.

Kwenye kila ujumbe weka sehemu, safu, kiti, saa ya mechi, hali ya hewa na kama uwanja ulijaa. Malalamiko ya fungu la watu yatume kwa klabu baada ya mechi mbili zenye kosa lile lile. Ya zege yatume mara moja, ukiambatanisha picha iliyopigwa kwenye kimo cha macho ukiwa umekaa, si umesimama na mkono juu, na uombe kuhamishwa kabla dirisha la kubadilisha viti vya msimu halijafungwa.